Mama au Kichwa

Siku ile tulikuwa sita ndani ya nyumba. Mimi, mtoto wa kwanza, miaka kumi na minne. Bahati, anayenifuata, miaka kumi. Riziki, wa mwisho, alikuwa hajafika sita. Baba Mdogo Safari, mdogo wake baba, alikalia kiti cha baba kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mgongo. Fundi Kitoko alichuchumaa sakafuni na bisibisi mdomoni. Wa sita alikuwa Shemasi Gedeoni, aliyefika mwisho, amebeba kompyuta yake begani ndani ya gunia la unga.

Nimewataja wote kwa sababu Riziki aliniuliza majuzi. Sasa ni muuguzi, ana watoto wake, na katika siku ile yote anakumbuka kitu kimoja tu: mwanamume aliyekaa naye juu ya jiwe kando ya barabara. Akauliza, Yaya (ndivyo wadogo zangu wanavyoniita mimi mkubwa wao), yule alikuwa nani? Nilimjibu jina. Baadaye nikiwa peke yangu niliona kwamba jina halikumwambia lolote, na kwamba mimi pekee ndiye niliyebaki na habari nzima.

Ilikuwa wakati wa vita. Wa umri wangu hawahitaji nieleze ni vita vipi; sisi hatukuvihesabu kwa namba, tulivijua kwa nani alikuwa ameshika barabara mwezi ule. Baba aliuawa akitoka Luvungi, juu ya lori la mihogo. Hatukuambiwa na nani. Mama alifuata miezi minne baadaye, kipindupindu, siku mbili tu. Nilimzika pamoja na majirani, nikarudi, nikapika. Riziki alipouliza, nilimwambia mama amepelekwa Bujumbura kutibiwa. Niliona ni maneno ya kunisaidia kumaliza jioni ile. Kesho yake aliuliza tena, nikayarudia, na tangu hapo yakawa ndiyo habari yenyewe.

Baba alituachia sekretaria. Ndivyo tulivyokiita chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Nyamianda, hapa Uvira: meza, kompyuta moja, printa moja, na kibao nje ukutani. Watu walikuja kuandikiwa barua za kazi, hati za kuzaliwa, matangazo ya misiba. Nilikuwa nimejifunza kupiga herufi kwa kumtazama baba, vidole vinne tu, lakini sikosei. Mama alipokufa niliacha shule nikakaa kwenye ile meza. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja nilifungua dirisha la sekretaria badala ya kwenda, basi.

Kisha mashine ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu kompyuta ilinguruma bila kuamka. Feni ilizunguka. Kioo kilibaki cheusi. Zamani ikiwaka ilitoa mlio mmoja mfupi, bip, na baba alikuwa akiuitikia, "Karibu," kama mtu amebisha hodi. Sasa kimya.

Baba Mdogo alingoja wiki mbili. Sitaki asemwe vibaya. Alikuwa na watoto saba wa kwake na mke mgonjwa. Alikuja akasema wazi, mbele yetu sote: mashine ikipona, tutakaa kama tulivyo, yeye atapita kila Jumapili kututazama. Isipopona, Jumamosi Bahati anapanda pikipiki kwenda Luvungi kwa shangazi, Riziki anakwenda Kamanyola kwa ndugu za mama, na mimi nahamia kwake nimsaidie mke wake. Nyumba itapangishwa.

"Batoto hawakai peke yao kama kuku," alisema. "Kama meza hailishi, tunawagawa. Minye sipendi. Lakini ni vile."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akamleta Fundi Kitoko.

Kitoko kwa Kilingala maana yake mzuri, na yeye alikuwa na uso uliojaa mashimo ya ndui, kwa hiyo alilitaja jina lake mwenyewe kwanza kabla hujapata nafasi ya kucheka. Alitengeneza redio, pasi, na kompyuta chache zilizokuwa mjini. Alikuwa na desturi yake ya kusema na mashine kama familia. Chombo kinacholeta umeme ndani ya boksi alikiita baba, kwa sababu kinaleta chakula. Diski na vipande vya kumbukumbu walikuwa watoto. Prosesa, ile inayofikiri, ilikuwa kichwa. Na ile kadi kubwa ya kijani inayobeba wengine wote, ambayo kwa Kifaransa inaitwa carte mère, aliiita kama mafundi wote wa Uvira wanavyoiita. Aliiita mama.

Alifungua boksi, akapuliza vumbi. Harufu ikatoka, vumbi lililoungua na kitu kama plastiki ya moto, na mimi nikaisikia kama harufu ya mikono ya baba. Nikaendelea kumshikia Kitoko taa.

"Tunaanza na baba," Kitoko alisema. Akachomeka nyaya za kipimo chake, mshale ukapanda. "Volti kumi na mbili. Na hapa, tano. Baba iko muzima. Anakula, analeta."

"Weye unapima ao unahubiri?" Baba Mdogo aliuliza. "Saa sita umeme unaenda."

"Baba mudogo, ukiharakisha dokta, unazika mugonjwa."

Alitoa watoto mmoja mmoja akawapanga juu ya gazeti. Diski. Kadi ndogo. Mwisho vipande vya kumbukumbu. Akabakiza kadi kubwa, prosesa iliyokaa chini ya chuma chake chenye mapezi, na kispika kidogo. Akanieleza mimi, si Baba Mdogo, na hilo nalikumbuka. Alisema mashine isiyo na kumbukumbu lazima ipige kelele. Mama akiwa mzima na kichwa kikiwa kizima, wataona watoto hawapo, watalia. Bip, bip, bip. Kilio ndicho tunachokitaka.

Akawasha. Feni ikazunguka. Tukangoja. Bahati alikuwa ameinamisha sikio mpaka karibu liguse feni. Hakuna aliyelia.

"Basi," Kitoko alisema, akakaa chini kabisa sasa. "Ni mama ao kichwa. Hakuna wa tatu."

Tofauti yake tuliijua wote, alikuwa ameshatueleza. Kadi ya namna ile haikuwepo tena, hata Bujumbura; ikiwa ndiyo imekufa, mashine nzima ni chuma. Ikiwa ni prosesa, mtu anaweza kupata nyingine, akaichomeka, na maisha yakaendelea. Nilijikuta naomba kichwa kiwe kimekufa. Niliomba kwa maneno hayo hayo.

Aliitazama kadi kwa tochi. Juu yake kulikuwa na vikopo vidogo vingi, vya ukubwa wa ncha ya kidole, na kila kimoja alikigusa. Vikiwa vimevimba vichwa au vimetoa maji, kadi imekwisha. Vyote vilikuwa bapa. Akanusa. Akatoa betri ndogo ya mviringo, akahesabu mpaka mia kwa Kifuliiru, akairudisha. Akawasha tena, na safari hii akaweka kidole juu ya chuma cha prosesa, akakiacha hapo.

"Baridi," alisema. "Kama jiwe ya muto Kalimabenge. Gusa."

Niligusa. Ilikuwa baridi.

"Basi kichwa ndiyo imekufa," Baba Mdogo alisema.

"Ngoja. Inaweza kuwa imekufa. Ao inaweza kuwa mama hamupi chakula. Muntu akiwa baridi hujui kama amekufa ao amenyimwa." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Kujua kweli, tunataka mashine ingine yenye iko nzima, ya namna hii hii. Tunabadilisha vichwa."

Mashine nyingine ya namna ile ilikuwa moja tu karibu nasi, na mwenyewe alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Shemasi Gedeoni alikuwa mtu wa milimani, kutoka huko juu kwenye ng'ombe, ameshuka mjini zamani, na aliitumia kuchapa nyimbo za kanisa lake. Baba ndiye aliyemsaidia kuichagua. Walizinunua pamoja, siku moja, kwa mtu mmoja. Bahati akatumwa. Wakati ule watoto wengi wa mtaa walikuwa wamekatazwa kuingia kwa Gedeoni, kwa sababu katika vita vile watu wa milimani walihesabiwa upande wa adui. Sisi hatukuwa na wa kutukataza.

Alikuja mwenyewe na gunia begani. Mrefu, kofia mkononi. Alimsalimu Baba Mdogo, na Baba Mdogo alijibu akitazama dirisha.

"Utaonekana umeingia hapa," Baba Mdogo alisema.

"Nimeshaonekana," Shemasi alisema, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Fundi, fanya kazi yako."

Kwanza Kitoko aliweka prosesa yetu kwenye mashine ya Shemasi. Hilo, alisema, halina hatari kubwa. Akawasha. Kimya, baridi. Akaitoa, akarudisha ya Shemasi, ikaamka mara moja. Kwa hiyo kichwa chetu kilikuwa kimekufa kweli. Lakini bado hatukujua habari ya mama, kwa sababu umeme ule unaweza kuua wote wawili siku moja. Ilibaki kuweka prosesa nzima ya Shemasi juu ya kadi yetu.

Hapo Kitoko aliacha mzaha. "Baba Shemasi, nakuambia mbele. Kama mama hii iko mugonjwa, inaweza kuua kichwa yako. Dakika moja. Na sina ya kukulipa."

Shemasi aliuliza, "Na bila hiyo?"

"Bila hiyo hatujui."

"Na hawa watoto wasipojua?"

Bahati ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Minye naenda Luvungi. Riziki Kamanyola."

Shemasi aliisogeza mashine yake karibu na fundi. "Weka," alisema.

"Ikikufa?"

"Itakuwa imekufa. Weka, mwanangu, umeme unaenda."

Kitoko aliinua kile kijiti cha pembeni, akaichukua prosesa kwa kingo zake, kitu cha ukubwa wa biskuti chenye miguu mingi kama jongoo, akaiweka bila kuisukuma, ikazama yenyewe. Akapaka mafuta yake meupe, akafunga chuma. Akawaacha watoto nje juu ya gazeti. Akawasha.

Ikalia. Bip, bip, bip, ndefu, mbaya, bila kukoma. Kitoko aliruka juu akapiga makofi, akasahau chumba alichokuwemo, akapiga kelele:

"Mama iko muzima! Mama iko muzima!"

Riziki alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alisimama, maharage yakamwagika.

"Iko wapi?" aliuliza.

Kitoko alinitazama. Baba Mdogo alitazama sakafu. Nilipaswa kusema. Nilikuwa nimeshika taa, na umeme ulikuwa umebakiza kama robo saa, na nilitaka kuona watoto wakirudishwa na kioo kikiwaka. Nikamwambia, "Nenda uoshe miguu."

Kioo kikawaka. Maandishi meupe yakapita, kisha picha ya baba aliyokuwa ameiweka, ya maporomoko fulani ambayo hatukuwahi kuyajua ni ya wapi. Bahati alisema, "Karibu." Umeme ukakatika saa sita na dakika kidogo. Baba Mdogo akasimama, akachukua kofia yake, akasema Jumamosi haji, atakuja Jumapili. Ndivyo ilivyoamuliwa.

Nilipotoka nje, Riziki alikuwa ameosha miguu, amevaa gauni la Krismasi, amekaa juu ya jiwe kando ya barabara akitazama upande wa kaskazini, upande magari ya Bujumbura yanakotokea. Mpaka wa Burundi ulikuwa umefungwa kwa magari wiki ile. Hakukuwa na gari. Nilisimama mlangoni. Sikwenda. Nimejiuliza kwa nini, na jibu langu ni lile lile: sikuhisi kitu, na nilidhani mtu asiyehisi kitu hapaswi kwenda kusema jambo kama lile.

Shemasi Gedeoni alipita kando yangu, akavuka, akakaa juu ya jiwe. Alikuwa mrefu, magoti yake yakafika kifuani. Walikaa muda mrefu, yeye akisema kidogo, Riziki akitazama barabara. Kisha Riziki akarudi mwenyewe, akapita bila kunitazama, akavua gauni, akalikunja, akaja kuokota maharage. Hakuuliza tena habari za Bujumbura. Alichoambiwa sikukijua, na sasa yeye mwenyewe hakikumbuki.

Kitoko alitaka kutoa prosesa airudishe. Shemasi alimzuia.

"Acha ibaki humo mpaka mupate ingine."

"Na nyimbo zako, Baba Shemasi?" nilimuuliza.

"Siku hizi siihitaji. Na boksi langu liacheni hapo pembeni, ni zito."

Nilidhani nyimbo zimekwisha. Nilidhani amemaliza kitabu chao chote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sasa anapumzika. Nilimwonea hata wivu kidogo, mtu aliyemaliza kazi.

Siku ya tatu alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alitaka nimpigie vizuri, nakala mbili. Yalikuwa majina: lake, la mke wake, la mama yake mzee, na ya watoto watano, kila moja na mahali pa kuzaliwa. Nilimuuliza kama ni ya ubatizo. Akasema, "Ni ya kutusoma tusipotee," nami nikaona ni lugha ya kanisa. Niliyapiga kwa uangalifu. Jina la kijiji kimoja alikuwa ameliandika kwa namna mbili, nikamwonyesha, akafikiri, akachagua moja. Nakala ya kwanza ilitoka safi. Ya pili wino ulifia kwenye jina la tatu. Yaliyofuata yalikuwa mistari ya kijivu. Nikamwambia nitapata wino kesho, arudi kesho. Alikunja ile moja, akaiweka ndani ya kofia.

"Kesho, basi," alisema. "Asante, mwanangu."

Usiku huo au alfajiri yake waliondoka, na wengine wa milimani waliokuwa mtaani, kuelekea mpakani kwa miguu. Asubuhi mlango wao ulikuwa wazi na kuku walikuwa ndani. Nilikuwa nimeazima wino kwa sekretaria nyingine. Nilikaa nao mezani.

Saa tano walikuja vijana wanne, wawili na bunduki. Mmoja nilikuwa nimesoma naye.

"Tumesikia vitu vya Gedeoni viko hapa."

Niliwaonyesha boksi pembeni. Walilibeba na gunia lake.

"Hakuna kingine chake?" aliuliza yule niliyesoma naye. "Sema kweli, weye."

"Hakuna," nilisema.

Kompyuta yetu ilikuwa inanguruma mezani, nyuma ya mgongo wangu. Bahati alikuwa amesimama kando yake, mkono juu ya boksi, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Walicheka wakaondoka. Hawakujua kwamba wamebeba boksi lisilo na kichwa, na hawakurudi kulalamika.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na kambi za wakimbizi. Wa umri wangu wanajua mauaji yaliyotokea kwenye kambi moja, na siyaandiki hapa, kwa sababu sijui kama Shemasi alikuwa pale. Niliuliza. Mmoja aliniambia alimwona Kigoma. Mwingine alinihakikishia amerudi milimani, mwingine akabadilisha mazungumzo. Kitoko naye alikwenda Lubumbashi, hakurudi.

Prosesa ile ilifanya kazi miaka tisa. Niliipigia hati, risala, matangazo ya misiba mingi kuliko ya harusi. Bahati alimaliza shule juu yake, Riziki akamaliza ya msingi. Hakuna aliyekwenda Luvungi wala Kamanyola ila kwa matembezi. Tuliishi watatu chini ya bati lile mpaka kila mmoja alipoondoka kwa hiari yake, na mimi nimo bado. Ilipochakaa niliibadilisha pamoja na mashine yote. Fundi wa sasa aliishika akasema ni takataka, niitupe. Nikamwambia si yangu.

Wakija watu wa milimani kuandikiwa hati, nawauliza jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa. Fomu inataka hivyo, hawashangai. Mpaka sasa hakuna aliyetaja yale niliyompigia Shemasi.

Yale majina nimeyahamisha kutoka mashine hadi mashine. Alisema nakala mbili. Nilimpa moja.